Damu Iliyomfungia Milembe Ndani

Mwaka huu tena, siku ya vidonge shuleni, nimewaona akina mama watatu wa mtaa huu wakitoka sokoni na watoto wao wa darasa la kwanza, sare zimefichwa chini ya khanga. Nikawauliza, leo si siku ya dawa ya kichocho na minyoo? Mmoja akanijibu kwamba vidonge vile vinatapisha, mwanawe hatameza. Kutapika! Mara moja, tena mtoto akiwa amekwisha kupewa uji. Nilikaa kibarazani nikiwa na hasira mpaka chai ikapoa, ndipo nikaomba daftari la mjukuu wangu nikaanza kuandika. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina siyasahau, na yaliyompata mwanangu sijayasahau hata moja.

Jina langu ni Kalunde. Nilizaliwa Isevya, mjini Tabora, ambako maji tulichota bombani, na hilo ndilo nililochekwa nalo miaka yote niliyokaa ukweni. Mume wangu Kashindye alikuwa mtu wa porini, upande wa Kaliua. Uhuru ulitukuta tukilima tumbaku kidogo na mpunga kidogo, kila mtu kwake, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya mbuga. Ilipokuja amri ya kuishi pamoja tulivunja nyumba tukahamia kijiji kipya, kilichonyooshwa kwa kamba, mistari minne. Shule tukajenga. Bwawa tukalichimba wenyewe kwa majembe, wanaume asubuhi na wanawake jioni, huku tukiimba. Lilipojaa mvua za kwanza kijiji kizima kilishangilia. Watoto walikuwa hawatoki humo. Wanaoga humo, wanafua humo, wanapita humo kwenda kwenye majaruba ya mpunga, na maji ya kunywa yanatoka humohumo. Mimi nilishangilia kama wengine, siwezi kujitoa.

Milembe ni mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi, darasa la tatu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko watu wazima. Kiangazi cha pili tangu tuhamie alianza kwenda msalani mara kwa mara na kurudi ameuma mdomo. Nikimuuliza anasema si kitu. Siku moja wifi yangu Nyanzala, dada mkubwa wa Kashindye, akiwa anafua bwawani alikuta damu kwenye gauni la mtoto. Hakuniuliza mimi. Alipiga vigelegele palepale, na gauni mkononi, kwamba mtoto amevunja ungo.

Wifi Nyanzala aliheshimika kijijini. Hakujaaliwa mtoto. Waume wawili walimwacha kwa hilo, akarudi kukaa kwa kaka yake, na watoto wetu wote aliwabeba kama wa kwake. Kwetu kule mambo ya mwali ni ya shangazi. Mama mzazi hana sauti, hata kumuuliza mwanawe ni aibu. Basi nilipofika nyumbani na mzigo wa kuni kichwani nilimkuta Milembe amekwisha kufungiwa chumba cha nyuma, amepakwa mafuta, na wanawake wa mistari yote minne wako uani wanacheza. Nikamvuta wifi pembeni, nikamwambia taratibu kwamba huyu ana miaka kumi, bado anang'oka meno.

"Mimi ilinijia nikiwa na miaka minane," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nyie wa mjini mnacheleweshwa na maji ya bomba."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka nao. Kila nikikumbuka kicheko kile najisikia kujipiga kofi.

Utaratibu ulikuwa kwamba mwali akae ndani mpaka damu ikatike, kisha atolewe kwa ngoma. Sasa fikirini wenyewe. Damu ya kichocho haikatiki kwa kungojwa. Na mtoto hatoki mpaka ikatike. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya pili. Wifi akasema ni damu nzito, ni ya ukoo wao, hata yake ilikuwa hivyo. Alimpikia uji wa mtama, akamchemshia mizizi, akamchinjia kuku, kuku wangu mimi, wanne. Mtoto akawa anakula kuliko sisi sote na anakonda kuliko sisi sote. Nilikuwa naruhusiwa kumpelekea maji ya kunywa tu. Nikiingia namwona amekaa juu ya mkeka, midomo imekuwa myeupe, kope ukizifunua ndani hazina wekundu. Akienda haja ndogo anashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mwishoni ndipo maumivu yanapomkamata. Maneno yote yalimwisha. Nikamwambia wifi kwamba mwali haumwi namna hii. Akanijibu kwamba mwanamke ni maumivu, kwani mjini hawakunifundisha.

Katika wiki ya tatu alikuja Bwana Afya shuleni, Bwana Rajabu, kwa baiskeli, na sanduku la mbao limefungwa nyuma, limejaa vichupa. Kulwa, binti wa jirani yangu, ndiye aliyenisimulia. Wamepangwa mstari, wamekimbizwa kuuzunguka uwanja jua likiwa la utosi, kisha kila mtoto kapewa kichupa akajaze. Vichupa vingi vilirudi vyekundu. Wavulana wenye vyekundu walikuwa wanaoneshana kama washindi wa mpira, kwa sababu kwetu kijana akikojoa damu walisema sasa anakuwa mwanamume. Wavulana wanakuwa wanaume kwa damu ileile, wasichana wanakuwa wanawake kwa damu ileile, na wote walikuwa wamelichezea bwawa moja! Kulwa akaniambia Bwana Afya amesema hiyo ni kichocho, na wote watachomwa sindano. Nilikuwa napepeta mchele, nao ukamwagika.

Nikamwendea Kashindye kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Nikamweleza. Akasema hayo ni mambo ya wanawake, niongee na dada yake. Aliyasema bila kuacha kufunga majani. Nikamwendea dada yake. Akasema serikali imetuhamisha nyumba, sasa inataka na mkojo wetu. Nikarudi kwa Kashindye, naye akaniuliza dada amesemaje. Nilizunguka baina ya watu wawili hao siku tatu, mmoja ananituma kwa mwenzake, na chumbani mtoto anaisha.

Siku ya nne nikaenda kwa Mwalimu Mihambo, mwalimu mkuu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia vizuri, akafungua daftari la mahudhurio. Jina la Milembe lilikuwa limepigwa mstari. Mtoto asiyeonekana wiki tatu bila taarifa anahesabiwa ameacha shule, na dawa ya Bwana Afya inaletwa kwa kufuata majina ya daftari lile, haizidi. Nikamwambia hajaacha, anaumwa. Akasema shangazi yake alipita mwenyewe kumwambia kwamba mtoto sasa ni mwanamke, mambo ya darasani yamekwisha. Hapo ndipo nilipoelewa kinachopotea: nikinyamaza nitamkosa mwanangu mara mbili, shuleni na duniani.

Bwana Rajabu alikuwa arudi Alhamisi. Nikatafuta kichupa cha mafuta ya nywele, nikakisugua kwa majivu, na alfajiri ya Alhamisi, nilipopeleka maji ya kunywa, nikamwambia Milembe anijazie. Nikakificha kifuani, nikaenda nacho shuleni nikiwa najiona hodari kabisa. Bwana Rajabu alikishika, akakiinua, akanusa, akaniuliza kama ni mkojo au manukato.

"Umeuchukua saa ngapi, mama?"

Nikasema alfajiri.

"Wa alfajiri haunisaidii. Nataka wa saa sita, mtoto akiwa ametoka kukimbia. Na huyu hayumo kwenye daftari. Mlete."

"Yuko ndani, Bwana Afya. Ni mwali."

"Basi mwali aje akimbie."

Mwalimu Mihambo naye akasema jina hawezi kulirudisha mpaka amwone mtoto kwa macho. Jamani, nilitamani kuwamwagia wote wawili kile kichupa. Mchana kweupe, nimtoe mwali kabla ya ngoma, nimpitishe katikati ya mistari minne, nikamkimbize mbele ya shule nzima! Kwa watu wa kule hiyo ni sawa na kumvua nguo shangazi yake. Na wenyewe wamesimama pale wananitazama kana kwamba wameniomba chumvi.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka ili nisibadili nia. Wifi alikuwa anatwanga mpunga uani. Sikumwamkia, nilipita. Nikamshika Milembe mkono, nikamfunika khanga kichwani, tukatoka kwa mlango wa mbele. Ilimchukua wifi kama dakika moja kuamini anachokiona. Halafu akatufuata, na mchi mkononi, akiwaambia watu wote tuliowapita kwamba mwanamke wa mjini amerukwa na akili, amemtoa mwali na damu yake. Wengine wakatufuata ili waone. Tulipofika uwanjani tulikuwa kama maandamano.

Milembe alikuwa hajaliona jua karibu mwezi mzima. Alifumba macho. Bwana Rajabu akamwambia kwa upole azunguke uwanja mara mbili. Alikimbia, kama ile ilikuwa mbio, anashika ubavu, anasimama, anakwenda tena, na wenzake wa darasa la tatu wako madirishani. Mzunguko wa pili nilikimbia naye, mtu mzima mimi, nimeshika khanga. Kisha akapewa kichupa. Aliporudi nacho kila mtu aliona. Bwana Rajabu alitoa tone, akaliweka kwenye darubini yake ndogo, akainama, akamwita Mwalimu aje aone, akaandika.

"Si ungo huu," akasema. "Ni kichocho, tena kingi."

Wifi akasogea mbele, mchi begani. "Huo mkojo ndio unaokutisha, mwanangu? Wangu mimi ni huohuo tangu nikiwa mdogo kuliko huyu. Nimekufa?"

Bwana Rajabu alikuwa kijana wa watu, mgeni, hajui habari za mtu. Alimwuliza kama wanavyouliza wakiwa wanajaza karatasi, maana kichocho kikikaa miaka mwilini kinaweza kumzuia mwanamke kuzaa:

"Mama una watoto wangapi?"

Nilikuwa namchukia wifi yangu siku ile kuliko kitu chochote, lakini swali lile nisingemtakia. Alishusha mchi, akageuka, akaenda zake. Watu wakampisha.

Jina likarudi daftarini. Sindano zilikuwa tano, moja kila Alhamisi, kwenye zahanati iliyo karibu na reli, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kuanzia hapo sikuhesabu tena tarehe, nilihesabu sindano. Ya kwanza tulienda majani yakiwa makavu, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Benchi la kungojea lilikuwa na mguu mmoja mfupi, akiinuka mtu upande huu mnainama wote upande ule. Tulikaa wanawake kumi na zaidi, kila mtu na mtoto wake, kila mtu anaambiwa subiri. Anaitwa aliyekuja nyuma yako. Unauliza, unaambiwa majina yanakwenda kwa shule. Shule yetu ilikuwa ya mwisho kila mara. Sikuambiwa kwa nini mpaka leo.

Nesi aliitwa Felista. Mungu amweke pema popote alipo. Alikuwa na ndimu zilizokatwa kwenye sahani, na kila mtoto akitoka kuchomwa anapewa kipande afyonze, kichefuchefu kipungue. Milembe alifyonza na akatapika vilevile, akakohoa mpaka machozi, akalala kwenye majani nje ya zahanati mpaka jua likapinda. Siku mbili baadaye viungo vilimuuma, hawezi kushika kijiko. Hamniambii kitu nyie mnaoogopa vidonge. Ya pili ilipofika alikuwa ameshaelewa. Nilimtafuta kijijini kote nikamkuta ndani ya kihenge cha mpunga, amejifunika mapumba.

"Kwa shangazi nilikuwa napewa kuku," akaniambia. "Kwako napewa sindano."

Nilimtoa humo kwa nguvu. Sikumbembeleza. Ningembembeleza ningelia.

Nyumbani wifi alikuwa hasemi nasi. Alihamisha chungu chake, akawasha moto wake peke yake upande wa pili wa ua, na Kashindye akawa anakwenda kula huko, eti asimvunje moyo dada. Moyo wangu mimi ulikuwa wa mawe. Wanawake wa mstari wetu waliacha kuniita kupalilia. Binti Kulwa tu ndiye aliyekuja kukaa na mwenzake, akimsomea mambo waliyofundishwa darasani ili asiachwe nyuma.

Ya tatu tulikwenda tukakuta dawa haijaja. Tulikwenda mwendo wote ule, tukakaa kwenye benchi lile mpaka saa nane, ndipo mtu akakumbuka kutuambia turudi wiki ijayo. Nilisema maneno pale ambayo siyaandiki. Felista akampa Milembe ndimu nzima ya kwenda nayo, na hiyo ndiyo tiba tuliyopata siku hiyo. Ya tatu yenyewe tukaichoma wiki iliyofuata, na baada yake nikaona kitu: haja ndogo asubuhi haikuwa nyekundu, ilikuwa ya rangi ya chai. Ya nne mvua zilikuwa zimeanza, watu wanapanda. Ya tano mbuga ilikuwa imejaa maji ya magoti, na maji ya namna hiyo ndiyo yaliyotuletea ugonjwa. Sikutaka yamguse. Nilimbeba mgongoni mtoto wa miaka kumi, kwenda na kurudi, naye juu anaimba hesabu za kuzidisha. Nilimwambia anyamaze, ananichosha. Kumbe nilikuwa natamani asinyamaze, maana maneno yalikuwa yamemrudia.

Baada ya hapo mwili ulikuja polepole. Kwanza midomo, kisha mashavu, kisha ubishi. Alirudi darasani akakalia dawati lake. Bwawa lilikuwa lilelile, kisima hatukuwa nacho, kwa hiyo maji nikawa nachota mimi, ndoo baada ya ndoo, na kuyaacha siku mbili kwenye mtungi kabla hajaoga, kama Felista alivyonielekeza. Watu walisema namlea kama yai. Waseme. Nanyi mnaosoma haya, kama kwenu hakuna bomba, fanyeni hivyo, na mtoto apewe uji mzito kabla ya dawa, na mkojo wa kupima msipeleke wa alfajiri.

Mvua zilipokaribia kukatika Bwana Rajabu alirudi kuwapima tena wale waliotibiwa. Walikimbizwa tena saa sita. Nilikuwa nimesimama kando ya ofisi ya Mwalimu. Alikiinua kichupa cha Milembe kwenye jua, kilikuwa safi. Akainama kwenye darubini, akakaa sana, nikaona kama anafanya makusudi. Halafu akasema hamna kitu. Milembe aliondoka mbio kuwaambia wenzake, hata hakunitazama.

Nilipogeuka nikamwona wifi Nyanzala. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, khanga imelowa jasho, anahema. Tulikuwa hatujasemezana miezi. Hakunisemesha na sasa. Alinipita mpaka mezani, akafungua mkunjo wa khanga, akatoa kichupa, akakiweka mbele ya Bwana Rajabu. Kilikuwa chekundu.

"Nimekimbia," akasema. "Nimelizunguka bwawa lote mara mbili. Ni wa sasa hivi."

Bwana Rajabu alimkumbuka, nilimwona usoni. Akavua miwani akaifuta. Akamwambia kwa heshima kwamba anamwelewa, lakini mpango huu ni wa watoto wa shule, dawa zinakuja kwa majina ya daftari, yeye hana pa kumwandika mtu mzima.

Wifi hakuondoka. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza, karibu na kichupa.

"Niandike hapohapo," akasema. "Nilikuwa mtoto ilipoanza."

Mwalimu Mihambo alitazama nje. Nilisogea nikasimama karibu na wifi yangu, bega kwa bega, na yeye hakunisukuma. Bwana Rajabu alilivuta daftari, akafunua ukurasa wa darasa la tatu, chini kabisa, chini ya majina yote, akachonga penseli.

"Jina," akasema. Kisha, kama anavyomwuliza kila mwanafunzi, "na jina la baba."